Bendi nilizoziona, na majina yaliyotajwa

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na najua wengine mnangoja sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo nataka kuandika kuhusu kitu ninachokipenda kuliko kompyuta: bendi. Si kanda wala video, ni bendi yenyewe ikiwa imesimama mbele yako, waya zimetapakaa sakafuni na mpiga besi anatiririka jasho. (Mliokuja kutafuta teknolojia msikimbie, tutafika kwenye faili za AMR na hesabu zake hapo mbele :-) )

Mimi si mwanamuziki. Sijui kupiga gitaa wala kinanda. Ni shabiki tu, yule mtu anayesimama karibu na spika mpaka masikio yanalia hadi kesho yake. Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikijiuliza swali moja: kwa nini wimbo ninaoujua mwanzo hadi mwisho kutoka kwenye kanda unakuwa wimbo mwingine kabisa ukipigwa mbele ya watu? Jibu langu lina sehemu ya kiufundi na sehemu isiyo na ufundi wowote. Tuanze na mahali nilikoanza kusikiliza.

Kamere

Kamere iko upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, kando ya barabara ya Moi South Lake. Ukitoka mjini Naivasha unapita Karagita, unapita mashamba ya maua na hoteli za watalii, ndipo unafika kwetu. Nyuma yetu kuna Hell's Gate na mvuke wa Olkaria, ambako umeme wa joto la ardhini umekuwa ukizalishwa tangu 1981. Mbele yetu kuna ziwa na ufuo wa wavuvi. Katikati ya hayo mawili kuna ploti za vyumba vya kukodisha, na ndani ya vyumba hivyo tulikaa sisi, watoto wa wafanyakazi wa maua.

Karibu kila mtu alikuwa ametoka mahali pengine. Wazazi wangu walitoka Siaya. Jirani wa kushoto alikuwa wa Kakamega, wa kulia wa Kisii, fundi wa viatu wa Kitui, na mwenye ploti wa Nyandarua. Lugha ya ploti ilikuwa Kiswahili, lakini muziki kila mtu alikuja na wake. Kuta zilikuwa nyembamba, kwa hiyo nilikua nikiwajua wote bila kuwachagua: D.O. Misiani na Shirati Jazz kutoka chumbani kwetu, Sukuma bin Ongaro kushoto, Christopher Monyoncho kulia, na Joseph Kamaru kutoka kwa mwenye ploti Jumapili alasiri. Redio ya kila mtu ilikuwa redio ya wote.

Bendi za kweli zilikuja kwa kalenda, na kalenda hiyo ilikuwa ya maua. Mwezi Januari mama alikuwa harudi nyumbani mapema, kwa sababu Ulaya walikuwa wakijiandaa kwa Siku ya Wapendanao tarehe 14 Februari, na waridi zilikuwa lazima zikatwe, zigrediwe, zifungwe na zipelekwe uwanja wa ndege usiku uleule. Ovataimu hiyo ililipwa mwisho wa Februari. Basi mwisho wa Februari ndio ulikuwa msimu wetu mkubwa wa muziki. Wapenzi wa Ulaya walikuwa wamenusa maua yao, na sisi tulipata bendi. Baada ya hapo ilikuwa mwisho wa mwezi wowote wenye mshahara wa kutosha.

Besi kupitia mabati

Ukumbi wetu ulikuwa nyuma ya baa, kuta za mabati na sakafu ya saruji. Bendi ilifika kwa pickup: spika mbili kubwa, amplifaya, dramu zilizofungwa kwa kamba za mpira, na jenereta, kwa sababu stima ya Kamere haikuaminika ingawa mvuke unaoizalisha tuliuona ukipanda angani kila asubuhi.

Watoto hatukuruhusiwa kuingia. Tulikaa nje, migongo tumeegemeza kwenye mabati. Na hapa ndipo nilipopata somo langu la kwanza la sauti, miaka mingi kabla ya kujua neno frikwensi. Kupitia ukuta ule hukusikia maneno. Hukusikia gitaa la solo ila kwa mbali, kama mbu. Ulichosikia ni besi. Ukuta mzima ulitetemeka, na mgongo wako nao ukatetemeka, na misumari iliyolegea ikaongeza kelele yake. Mawimbi mazito yanapenya ukuta na kuutikisa. Mawimbi mepesi ya juu yanazuiwa na kupotea njiani. Ndiyo maana ukikaa jirani na kilabu unajua mdundo wa kila wimbo bila kujua hata mstari mmoja.

Kwa miaka yangu yote ya shule ya msingi, kwangu bendi ilikuwa kitu cha mgongoni. Nilizijua nyimbo kwa besi zake.

Mara ya kwanza ndani

Niliingia ndani kwa tiketi yangu mwenyewe Desemba 2003, nikiwa nimemaliza kidato cha nne. Bendi ilikuwa ya benga, ya vijana watano kutoka upande wa Kisumu. Hawakuwa na kanda madukani. Walipiga nyimbo za wakubwa, hasa za Misiani, na chache zao.

Kwa msomaji ambaye hajui benga: ni muziki wa gitaa uliokomaa Nyanza miaka ya 1960, na vidole vya mpiga solo vinafuata jinsi nyatiti ya Waluo yenye nyuzi nane inavyochezwa. Mwimbaji anaimba mstari, gitaa linamjibu. Wanaendelea hivyo kwa adabu kwa dakika kadhaa. Halafu sauti zinanyamaza, solo na besi zinaanza kukimbizana, dramu inakazwa, na hapo ndipo kila mtu aliyekuwa amekaa anasimama.

Sasa sehemu ya ufundi. Nyimbo hizo zilienea kwanza kwenye sahani za santuri za inchi 7, zile zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja wa sahani ile unabeba kama dakika nne au tano hivi. Benga haitoshi humo. Kwa hiyo watengenezaji waliukata wimbo katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Mara nyingi maneno yako upande wa kwanza, na unapofika wakati wa magitaa kukimbizana, sauti inafifia, unainuka kugeuza sahani. Kanda zilipokuja, wengi walinakili sahani hizo jinsi zilivyo, pamoja na mkato wake. Nyumbani kwetu nilikua nikidhani kwamba wimbo ni lazima ufe katikati kisha ufufuke.

Usiku ule wa Desemba, wimbo niliouzoea ukiwa na mkato ulifika pale ambapo kanda yetu hufifia. Nikajiandaa. Haukufifia. Uliendelea, magitaa yakaingia moja kwa moja, na watu walipokataa kukaa bendi nayo ikakataa kuacha. Nilitazama saa: dakika kumi na nane. Wimbo haukuwa na urefu wake wenyewe; urefu wake ulikuwa ni sisi. Na kwa mara ya kwanza nilisikia besi ile ya mgongoni pamoja na maneno, vyote kwa wakati mmoja.

D.O. Misiani mwenyewe sikubahatika kumwona. Mzee huyo aliyezaliwa Shirati, kaskazini mwa Tanzania, alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu tarehe 17 Mei 2006. Lakini nyimbo zake nimeziona zikipigwa na watu kumi tofauti, na hakuna hata mmoja aliyezipiga kwa urefu ulioko kwenye sahani.

Bendi ya mtu mmoja

Kuanzia 2005 nilisoma kompyuta Nakuru, na huko nikakutana na mugithi. Msomaji wa pwani au wa Tanzania huenda hajawahi kuiona, basi nieleze. Ni mwanamume mmoja, gitaa moja, maikrofoni moja, na mara nyingi mashine ndogo inayompigia mdundo. Mugithi maana yake ni treni. Wacheza dansi wanapanga mstari, mikono mabegani kwa aliye mbele, na treni inazunguka meza za baa. Majina kama Mike Rua na Salim Junior ndiyo yaliyokuwa yakitamba. Wale wa baa nilizozimudu mimi hawakujulikana nje ya mtaa.

Mwanzoni nilidharau. Nimezoea watu watano jukwaani, huyu mmoja atafanya nini? Lakini mpiga mugithi mzuri anajua nyimbo za miaka arobaini, na anazishona bila kusimama: wimbo wa kanisani, wa Kamaru, wa utani usioweza kuandikwa hapa, kisha wa kanisani tena. Anasoma watu walioko na kuchagua kinachofuata. Mashine yake haibadiliki, inapiga vilevile usiku kucha. Anayebadilika ni yeye, na anabadilika kwa sababu yetu. Kama mtu anayeandika programu nililielewa hilo haraka. Msimbo uliolala kwenye diski si programu inayofanya kazi. Inafanya kazi pale mtu anapoipa kitu cha kushughulikia.

Usiku wa Novemba

Sasa nifike kwenye onyesho ambalo nalikumbuka kuliko yote, na ambalo nina ushahidi wake.

Novemba 2007 mwenzake mama kazini alifariki, na ilibidi mwili upelekwe nyumbani Busia. Wanaoishi mbali na kwao wanajua hesabu hii: gari, jeneza, chakula, nauli za wasindikizaji. Kina mama wa ploti walikuwa na chama chao, mama akiwa mweka hazina, na wakaamua kuita bendi ili kiingilio kiende kwenye mchango. Nilitoka Nakuru Jumamosi hiyo kwenda kusaidia mlangoni.

Bendi ilikuwa ya benga, na palikuwa na pakruok. Hii ni desturi ya Kiluo ya kujisifu na kusifu. Unatoa pesa, muziki unashushwa, unataja jina lako la sifa au la rafiki yako, unajigamba kwa maneno uliyoyapika tangu Jumatatu, ukumbi unacheka, kisha gitaa linapanda tena. Ukitaka kumkatiza aliyetangulia, unalipa zaidi yake. Usiku ule mezani alikaa karani mwenye daftari la shule akiandika: nani, kiasi gani. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi mwaka huohuo, lakini kwetu ilikuwa noti bado, zile za shilingi hamsini na mia zilizokunjwa mara nne.

Mwenye ploti, yule wa Nyandarua, alilipa shilingi mia tano. Hakujua Kiluo zaidi ya kusalimia. Akaomba asifiwe kwa Kiluo. Mwimbaji akamwita ng'ombe dume wa mvua, mwenye geti lisilomfungia mgeni nje, na watu wakapiga meza. Mzee akasimama akauliza jirani yake, "Amesema nini? Amesema nini?" Alipotafsiriwa akalipa tena, arudiwe.

Mimi nilikuwa na mia mbili ya kibarua. Nikamwendea karani, nikamnong'oneza. Mwimbaji akashusha muziki na kumwita mama: Nyar Alego. Binti wa Alego. Akasema kuna mwanamke hapa anayeshika waridi elfu kwa siku na mwiba haumjui. Anaziandaa kwa harusi za watu asiowajua, na leo ameziacha ili amsindikize mwenzake nyumbani. Akalitaja jina hilo mara nne, na kila mara gitaa la solo likamjibu kana kwamba nalo linamwita. Mama ni mtu wa kanisa, hachezi ovyo. Aliinuka akiwa ameshika sanduku la pesa kwapani, akacheza nalo.

Nilirekodi kwa simu dakika tatu na sekunde kumi na mbili.

Simu ilibaki na nini?

Faili ninayo bado. Imepita simu nne, kompyuta tatu na diski mbili. Ni faili ya AMR, na hapa niwape hesabu niliyowaahidi.

AMR ni mbinu ya kubana sauti iliyotengenezwa kwa mazungumzo ya simu. Inapima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kushika chochote kilicho juu ya hezi 4,000. Kwa kawaida inashughulika na kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, pale yanapokaa maneno ya binadamu. CD inapima mara 44,100 kwa sekunde. Dakika moja ya CD ni kama megabaiti 10. Dakika moja ya AMR haifiki kilobaiti 100. Ni kama kuchukua gunia la mahindi ukabaki na kopo.

Uzi mzito wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa mlio wa hezi 41. Uko mbali sana chini ya mstari. Matoazi ya dramu yana mengi yaliyo juu ya mstari. Vyote hivyo simu ilivitupa. Si hivyo tu: AMR inabana sauti kwa kuikisia kana kwamba imetoka kwenye koo la mtu. Ikipewa gitaa, inajaribu kulieleza kama mtu anayeongea. Ndiyo maana solo kwenye faili yangu inasikika kama mzee anayekoroma ndani ya chupa.

Lakini jina linasikika. "Nyar Alego", mara nne, wazi kabisa, na kicheko cha watu.

Sasa angalieni jinsi ilivyo. Ukuta wa mabati ulinipa besi bila maneno. Simu ilinipa maneno bila besi. Kila chombo kinachukua kile kilichoundwa kuchukua na kuacha kingine. Santuri nayo ilichukua vyote viwili, lakini ikavikata katikati. Hakuna chombo kilichokosea. Ila ukiviunganisha vyote vitatu bado hupati ule ukumbi.

Majina

Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Mnajua kilichofuata nchini. Naivasha ilifikiwa Jumapili tarehe 27 Januari 2008, katikati ya msimu wa Wapendanao, waridi zikiwa zimefunguka na wakataji wakihitajika kuliko wakati wowote wa mwaka. Watu waliuawa mjini, nyumba zilichomwa, na maelfu wakakimbilia kituo cha polisi na gereza la Naivasha. Mimi nilikuwa Nakuru, ambako moto ulikuwa umeanza siku chache kabla, na sikuweza kusafiri. Niliyoyajua niliyajua kwa simu.

Vijana walikuwa wakizunguka kwenye ploti wakitaka vitambulisho. Walitaka kusoma jina. Nimefikiria jambo hili kwa miaka mingi na bado sijalizoea: miezi miwili kabla, katika mtaa uleule, watu walikuwa wakitoa mshahara wao ili jina lao litajwe kwenye maikrofoni, na likitajwa waliruka. Sasa jina ndilo lililofichwa, likapachikwa ndani ya soksi, likatupwa chooni.

Mwenye ploti wetu alifunga geti na kusimama mbele yake. Aliwaambia wapangaji wake wote wameshaondoka. Mama na wanawake wengine wanne walikuwa chumbani kwake, chini ya kitanda na nyuma ya kabati. Usiku wa pili aliwatoa hadi gerezani kwa pickup yake, wamefunikwa turubai. Ng'ombe dume wa mvua. Mwimbaji hakuwa nabii, alitafuta tu maneno ya kumfurahisha mzee aliyelipa. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama alirudi Siaya kwa msafara wa malori mwezi Februari na hakurudi tena Kamere isipokuwa siku moja, kuchukua vyombo. Wengi waliokuwa ukumbini ule usiku wa Novemba walitawanyika hivyo: Busia, Homa Bay, Kakamega, wengine Nairobi. Baadaye kazi ilirudi, wafanyakazi wapya wakaja, na wengine wa zamani pia. Ukumbi uliuza mbao kwa muda, kisha ukawa wa kuonyesha mpira. Ile bendi haikuja tena. Nyimbo walizopiga hazikupotea, naweza kuzipata nyingi nikiwa nimekaa hapa kwenye kiti changu. Kilichopotea ni watu wale watano mbele ya watu wale mia moja na hamsini.

Bendi nyingine, miaka mingine

Nimeendelea kuziona bendi. Nikiwa tayari ninafanya kazi Nairobi niliwaona Les Wanyika, kundi lililozaliwa 1978 baada ya wanamuziki kadhaa kutoka Simba Wanyika ya akina Kinyonga wa Tanga. Bila shaka mnaujua wimbo wao Sina Makosa. Kufikia wakati huo Profesa Omari Shabani na John Ngereza walikuwa wameshafariki, na nilijiuliza kama ninaona Les Wanyika kweli au programu iliyobadilishwa sehemu baada ya sehemu mpaka limebaki jina. Besi ilipoingia, ile njia ambayo Tom Malanga aliichonga kwenye rekodi, nikaacha kujiuliza. Waliokuwa sakafuni walikuwa na umri wa wazazi wangu. Walicheza wakiwa wamefumba macho, kila mmoja akiwa mahali pake pa zamani.

Kuna watu wanaofanya kazi kubwa ya kuhifadhi, na nawaheshimu. Mwaka 2008, mwaka uleule, Ketebul Music ya Nairobi chini ya Tabu Osusa ilitoa Retracing the Benga Rhythm, iliyofuatilia benga kwa maandishi, picha na sauti. Joseph Kamaru alifariki Oktoba 2018, na mjukuu wake mwenye jina lilelile, msanii wa sauti anayejulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake kwenye Bandcamp. Bila watu kama hao tungekuwa tunakisia.

Kwenye rekodi hizo za zamani mna majina pia. Benga na rumba za Kongo zimejaa majina ya wafadhili, matajiri waliolipa wakati wa kurekodi. Wametajwa mara moja na wamebaki wametajwa. Lakini mkataji wa waridi wa Kamere hakuweza kufika studio. Nafasi yake ya kuwa ndani ya wimbo ilikuwa moja tu: kuwepo usiku huo, na kuwa na shilingi mia.

Mambo ya vitendo

Blogu hii haiachi msomaji bila kazi ya nyumbani. Ukienda kuona bendi, hasa ndogo isiyojulikana, fanya haya:

1. Omba ruhusa kwa kiongozi wa bendi, kisha mtumie nakala. Mara nyingi hawana rekodi yao hata moja.

2. Tumia programu ya kurekodi inayotoa WAV au FLAC, hezi 44,100 au zaidi. Zima kipunguza kelele. Kazi yake ni kusafisha mazungumzo, na ngoma kwake ni kelele.

3. Usisimame mbele ya spika. Rudi nyuma mpaka usikie watu na bendi kwa kiasi sawa. Watu ni sehemu ya wimbo.

4. Andika tarehe, mahali na majina ya wanamuziki wote kabla ya kulala, pamoja na mpiga dramu ambaye hakuna anayemkumbuka. Faili isiyo na maelezo ni kama sanduku lisilo na mwenyewe.

5. Weka nakala mbili mahali tofauti.

6. Baada ya nyimbo mbili weka simu mfukoni. Nenda kacheze.

7. Tuza. Siku hizi bendi nyingi zinakubali M-Pesa, lakini noti bado ina utamu wake, kwa sababu unalazimika kutembea hadi jukwaani na kila mtu anakuona.

Mwaka jana nilimchezea mama ile faili ya AMR, kwa spika nzuri niliyomnunulia. Alisikiliza jina lake mara nne bila kusema neno. Halafu akanirudishia simu. "Hiyo ni simu inaongea," akasema. "Pale kulikuwa na watu."

Lakini bado anafuatilia. Mwisho wa mwezi nikimpigia na kumwambia nilikwenda kuona bendi, hanuulizi ilikuwa bendi gani wala walipiga nyimbo zipi. Anauliza jambo moja tu: "Walimtaja nani?"

Ninamtajia wote ninaowakumbuka. Kwa leo niishie hapo, hifadhidata tukutane wiki ijayo.